Uhuru wa Mchezaji

Hakuna ahadi inayotolewa kwa wingi katika biashara ya michezo ya video kuliko ahadi ya uhuru. Kila mchezo mpya wa safari unaponadiwa kabla ya kutoka, wauzaji husema ya kwamba dunia yake ni pana, haina malango, na mlima unaoonekana kwa mbali unaweza kufikiwa na kupandwa. Ahadi hii ni tamu, na wasikiaji hawachoki kuisikia ingawa wamekwisha kudanganywa nayo mara nyingi. Walakini liko swali ambalo wauzaji hawaliulizi: mchezaji akiisha kufika juu ya mlima ule, atakuwa amekuwa nani? Maana mtu aendaye kokote bila ya kubadilika ni kama mzigo unaosafirishwa; umepita bandari nyingi, haukuijua hata moja.

Kwa msomaji asiyeizoea michezo hii, yafaa ielezwe kidogo. Mchezaji hukaa mbele ya televisheni, ameshika mkononi kifaa chenye vitufe, na kwa vitufe hivyo humwongoza mtu mmoja katika nchi ya kubuni. Moyo wa mchezaji huwa na tamaa mbili. Ya kwanza ni kwenda apendako. Ya pili ni kuendelea, yaani kuanza dhaifu na kumaliza hodari, kuanza mjinga na kumaliza mjuzi. Tamaa hizi ni ndugu wasiopatana. Maendeleo hutaka utaratibu, hili kwanza na lile baadaye. Uhuru hauupendi utaratibu hata kidogo. Kila mtungaji wa mchezo wa namna hii ameketi baina ya ndugu hao kama mzee wa baraza, na hukumu yake huonekana katika kazi yake.

Mwaka 2006 kampuni ya Bethesda ya Marekani ilitoa mchezo uitwao Oblivion, ambamo suluhu ilitafutwa kwa hesabu. Nchi ilikuwa wazi karibu yote tangu mwanzo, na ili mchezaji asikutane na adui wa kumshinda mno wala wa kumdharau, nguvu za maadui wengi zilifungamanishwa na nguvu zake. Yeye akipanda daraja, nao hupanda. Hapo palizuka kichekesho kinachokumbukwa hata leo: wanyang'anyi wa barabarani waliomvizia msafiri kwa sarafu 100 walionekana wamevaa deraya za kioo, ambazo wangaliziuza wangalipata fedha nyingi kupita zile walizozidai. Kicheko kando, hasara ilikuwa kubwa. Mtu aliyejitaabisha siku nyingi kujinoa hakuona alichokivuna. Milango yote ilikuwa wazi, na nyuma ya kila mlango alikutana na kivuli chake mwenyewe.

Mchezo mmoja wa Kijerumani, Gothic, wa mwaka 2001, ulikuwa umekwisha kuchagua njia ya ukali. Wanyama wa msituni hawakujali kama msafiri alikuwa mgeni. Aliyeingia mapema aliliwa. Akirudi baadaye na upanga bora na mafunzo, humwua mnyama wa jamii ile ile mahali pale pale, na mkono wake mwenyewe humpa habari ya kwamba amekua. Hapana shaka njia hii iliwafukuza wengi wasio na subira. Lakini aliyebaki alikuwa na kitu cha kujivunia, na woga aliokuwa nao zamani ndio uliokuwa kipimo chake.

Hata hivyo ugomvi huu hauonekani wazi mahali popote kama katika michezo ya Kijapani iitwayo The Legend of Zelda. Mwanzilishi wake mmoja, Shigeru Miyamoto, alizaliwa mwaka 1952 katika mji mdogo wa Sonobe, karibu na Kyoto. Utotoni alipenda kuzungukazunguka mashambani na vilimani, na siku moja alivumbua pango, akaliingia na taa mkononi. Mchezo wa kwanza, wa mwaka 1986, una harufu ya pango lile. Mchezaji hutokea uwanjani hana kitu. Njia ni tatu, na kando yake pana shimo jeusi la mlango wa pango. Ndani yumo mzee anayetoa upanga. Lakini hakuna anayemlazimisha mchezaji kuingia. Akitaka ataondoka mikono mitupu, na kosa litakuwa lake.

Miaka ikapita, na uhuru ule ukapungua. Michezo iliyofuata ilikuwa na hadithi nzuri zaidi na mahandaki yaliyojengwa kwa akili nyingi, lakini kila handaki lilikuwa na kifaa chake, na kila kifaa kilikuwa ufunguo wa mahali pengine: upinde hapa, mnyororo wa kujivutia ng'ambo pale. Mchezaji aliendelea, naam, lakini aliendelea kama mwanafunzi anayepandishwa darasa. Ilipofika mwaka 2011, katika Skyward Sword, alipewa mwandani wa kumweleza mara kwa mara la kufanya, na wengi walinung'unika ya kwamba wamefanywa watoto. Mwaka 2013, katika A Link Between Worlds, mlango ulifunguliwa kidogo: vifaa viliwekwa dukani vikodishwe, mchezaji achague wa kwanza na wa mwisho, na akifa vinyang'anywe.

Mwaka 2017 ukaja Breath of the Wild, ambao mwongozi wake alikuwa Hidemaro Fujibayashi na msimamizi wake Eiji Aonuma. Jambo la kushangaza ni kwamba mchezo huu unaosifiwa kwa uhuru huanza kwa kifungo. Shujaa huamka juu ya uwanda ulioinuka, uliozungukwa na majabali pande zote, akijitupa hufa. Yuko mzee mmoja mwenye tanga la kuelea hewani, naye halitoi mpaka mgeni atembelee mahekalu manne. Katika mahekalu hayo hupatikana uwezo wa namna nne: kutupa mabomu, kuvuta vyuma, kusimamisha vitu visiende, na kufanya nguzo za barafu majini. Basi, kazi imekwisha. Baada ya tanga lile, hakuna ufunguo mwingine ambao mchezaji hawezi kuendelea pasipo kuwa nao. Neno analoambiwa ni moja: nenda ukamwangamize Ganon, naye yumo katika ngome ile unayoiona. Wako mahodari waliotii neno hilo mara moja, wakaumaliza mchezo mzima chini ya nusu saa.

Kwa nini basi watu wengine hukaa humo mamia ya saa? Katika uwanda ule ule wa mwanzo pana kilele chenye theluji, na baridi yake huua. Mmoja hupika pilipili akala, akapata joto. Mwingine hupewa vazi zito na mzee. Wa tatu hushika mwenge uwakao akapita mbio. Hapana aliyefunguliwa lango, wala hapana aliyezuiwa. Kila mmoja ameuliza baridi swali lake, akajibiwa. Tangu hapo mchezaji huzidi kujua, na ujuzi wake haumo katika mfuko wa shujaa, umo kichwani mwake mwenyewe. Hujifunza ya kwamba mvua hufanya jabali liteleze, na kwamba mwenye upanga wa chuma mgongoni wakati wa radi anajiita mwenyewe kifo. Akianza mchezo upya baada ya mwaka, akiwa na mioyo mitatu tu ya uhai kama siku ya kwanza, ujuzi huo atakuwa nao bado.

Maendeleo ya hesabu yamo pia, lakini yamewekwa mahali pa unyenyekevu. Mahekalu ni 120, na kila manne humwongezea mchezaji ama moyo mmoja wa uhai ama pumzi ya kupandia na kuogelea, achague mwenyewe. Silaha huvunjika baada ya mapigo machache. Jambo hili limelaumiwa sana, na lawama hiyo haikosi haki, kwani ni uchungu kuona upanga mzuri ukipasuka vipande mikononi. Lakini kama silaha zingedumu, mchezaji angepata moja kali, akawa hana haja ya kutazama kitu kingine chochote. Kuna na mbegu 900 zilizofichwa chini ya mawe na juu ya miti. Mbegu 441 hutosha kupanua mfuko wa silaha hadi mwisho. Anayezitafuta zote 900 hutunukiwa kitu cha dhahabu chenye umbo la kinyesi, na kicheko cha watungaji. Mzaha huo ni mkali, na pengine ni wa haki.

Kilichopotea ni hadithi. Mtu aendaye apendako hukutana na mambo bila ya mpango, na hadithi bila ya mpango hupoteza nguvu. Katika Breath of the Wild hasara ilifichika, kwa kuwa shujaa amesahau yaliyopita, na kumbukumbu za mtu aliyesahau huweza kurudi ovyo. Katika mchezo uliofuata, Tears of the Kingdom, wa mwaka 2023, hila hiyo haikufaa. Mchezaji huweza kugundua mapema yaliyompata binti mfalme, kisha akaenda kijiji baada ya kijiji akisikiliza watu wakimtafuta, na shujaa wake, ambaye anajua, asifumbue kinywa. Hapo uhuru umekuwa adui wa ukweli wa moyo, na hakuna hesabu iliyopatikana ya kuwapatanisha.

Bado ipo saa moja katika mchezo wa 2017 ambayo hulipa deni kubwa. Mchezaji mpya, akiwa na mioyo mitatu na fimbo mkononi, huamua kuiendea ngome moja kwa moja. Hakuna anayemwambia asiende. Huvuka uwanda wa magofu, akazikuta mashine zenye miguu mingi zinazomwona kwa mbali na kumlenga kwa mwale mwekundu. Hulala nyuma ya ukuta uliobomoka, akiusikiliza mlio unaozidi kwenda haraka. Kisha, bila ya amri ya mtu, hugeuka akarudi alikotoka, akatafute chakula, ngao, na njia nyingine.