Lenzi ya Mkesha

Jumatano ya Juma Kuu mpwa wangu alinipigia simu. Kapata kazi ya kupiga picha mkesha wa Pasaka, anataka kuazima flashi. Nikamwambia mkesha haupigwi kwa flashi, atafute lenzi inayokaribisha mwanga. "Anko, hiyo ilikuwa zamani. Siku hizi unapandisha ISO tu."

Nikakata simu, nikaenda kufungua kabati.

Bado ipo: Helios ya Kirusi, milimita 58, uwazi f/2, imeng'ang'ania kwenye kamera yake ya Zenit, nzito kama jiwe la kusagia. Ningeapa niliinunua 1984, lakini risiti inasema 1986. Basi, iwe 1986.

Duka lilikuwa upande wa Barabara ya Samora, Dar es Salaam, chumba chembamba kama behewa, na mwenyewe alikuwa Mgoa mzee asiyecheka. Ukipita mlangoni ulipokelewa na harufu ya siki. Dawa ya kusimamisha picha ilikuwa haipatikani (na nini kilipatikana miaka ile?), kwa hiyo alitumia siki ya jikoni, akiichanganya na maji kwenye beseni la bluu. Siki ilimwingia kwenye ngozi. Jumapili pale kanisani St. Joseph, ukikaa benchi la nyuma yake, ulijua aliko kabla hujamwona, hata uvumba ukifuka.

Nilikuwa nimekwenda kununua lenzi ya Jupiter ya milimita 135, nipige mkesha nikiwa nyuma kabisa, nisimsumbue mtu. Hakuniuzia. Aliteremsha pazia la mlango, akawasha kipande cha mshumaa juu ya kaunta, akanipa Zenit yenye ile lenzi ndefu. Nikachungulia.

"Unaona nini?"

"Giza."

Akabadilisha, akafunga Helios. Uso wake ukatokea, makunyanzi na yote. Ndipo akanipigia hesabu kwa penseli kwenye bahasha ya filamu: ile ndefu, f/3.5, inapitisha theluthi moja ya mwanga unaopita kwenye f/2. Halafu inakuza na mtikisiko wa mkono. Fupi utaishika kwa 1/60 ya sekunde, ndefu inataka 1/125. "Unapoteza mara mbili," alisema. "Kijana, miguu unayo. Sogea."

Kisha akatoa utepe wa fundi cherehani. Kwa f/2, umbali wa mita mbili, kilicho wazi hakizidi shubiri moja. Ukifokasi pua, kisogo kimeshapotea. Na gizani hutaona cha kufokasi. Kwa hiyo nipime mita mbili mchana, kanisa likiwa tupu, niweke alama, nifunge lenzi hapo, nisubiri watu waje kwenye alama.

Nilifanya hivyo. Wajerumani walilijenga lile kanisa kati ya 1897 na 1902, na taa zikizimwa unakuwa kama umeingia ndani ya mtungi. Moto ukawashwa nje, mshumaa mmoja ukaingia, wakaanza kugawiana. Bibi mmoja alisimama juu ya alama yangu, amekinga mwali kwa upindo wa kanga, mwanga unapanda kutoka kifuani hadi kidevuni. Nikabana pumzi. Zikaja taa za Utukufu na kengele zake, kazi ikaisha.

Filamu ilikuwa ya 400. Niliipiga kama 1600, na mzee akaisafisha kwa muda mrefu zaidi. Kati ya picha 36 zilitoka nne. Ya bibi ina chembe kama dona. Nyeusi yake sijawahi kuipata tena.

Baadaye zikaja mashine za kusafisha rangi kwa saa moja, mzee akafariki, duka likawa la vocha, kisha la makava ya simu. Sasa wapiga picha wanapanda hadi altareni na taa za video, wanampa padri mgongo, na waumini wanafumba macho, si kwa sala.

Mpwa alikuja Alhamisi na kamera yake. Kuhusu ISO hajakosea, kamera hizi zinaona gizani kama paka. Ila lenzi iliyokuja nayo, 18-55, ukiivuta mwisho inabaki f/5.6, sawasawa na sehemu moja ya nane ya mwanga wa Helios yangu. Nikamwonyesha kwa mshumaa. Akanyamaza, akaenda Kariakoo kutafuta pete ya kuunganisha Helios na kamera yake.

Jumamosi asubuhi akapiga tena.

"Anko, mbona hii haijifokasi yenyewe?"

Nikamuuliza kama mama yake bado ana ule utepe wa cherehani.