Baba Jerikeni

Kenya National Theatre iko Nairobi. Sisi wa Nyeri tuna baa yenye viti vya plastiki, na mwenyewe hupunguza sauti ya runinga akituachia maiki kwa saa moja. Arsenal wakicheza, tunangoja.

Mimi husimulia mambo yasiyowezekana. Stori ninayoombwa sana ni ya msee aliyekunywa hadi akageuka jerikeni la lita 20. Mkewe akimtikisa asubuhi anasikia kitu kikicheza ndani. Anamfungua kifuniko, ananusa, anamfunga. Siku ya wazazi watoto wanambeba hadi shuleni, na mwalimu anaandika: baba amehudhuria.

Wasee wa Nairobi hunitajia Dalí na saa zake zinazoyeyuka. Dalí! Shosho alinilea na irimu, zimwi la Kikuyu linalokuja dansini likiwa kijana mtanashati, mdomo wa pili ukiwa kisogoni chini ya nywele. Msichana anaona nzi akiingia nywele zile na hatoki. Nani aliwahi kumwuliza shosho kama hilo linawezekana?

Wala baa si pa kuonea haya. Wahome Mutahi, mzaliwa wa Nyeri, yule wa safu ya Whispers, aliipeleka michezo yake ya Kikuyu kwenye mabaa, watu wakamcheka mtawala chupa zikiwa mkononi. Mmoja unaitwa Mugaathe Mubogothi, yaani, kwa tafsiri yangu, Mtukufu Anayeweweseka. Mutahi alikuwa ameshafungwa jela mwaka 1986. Bei ya kusema mambo moja kwa moja aliijua.

Februari 2024, kijijini Kangai, Kirinyaga, watu wasiopungua 17 walikufa kwa pombe haramu. Iliripotiwa kwamba pombe hiyo ilikuwa imeshanaswa, ikawekwa kituo cha polisi kama ushahidi, kisha ikapata njia ya kutoka na kurudi kwa wanywaji. Ushahidi wenye miguu! Sasa hapo mimi nitunge nini, bana?

Wiki chache baadaye tulialikwa Kerugoya, kaunti iyo hiyo. Mwenye baa alituvuta kando kabla hatujaanza. "Mambo ya wafu hapana. Leteni za kuchekesha tu." Nikamwambia yangu ni ya jerikeni. Akacheka, akasema hiyo ni poa.

Kwa kawaida watu huangua kicheko pale kwa mwalimu na daftari lake. Usiku huo hakuna aliyecheka. Nilisikia friji ikinguruma. Mama mmoja karibu na mlango alikuwa ameshika leso yake kwa mikono miwili, akinitazama kana kwamba ninamsomea barua.

Nikamaliza, nikainamisha kichwa. Badala ya makofi, mzee mmoja akainuka polepole mezani kwake.

"Msichana wangu," akasema, "huyo baba mlimzika na kifuniko ama bila?"

Stori yangu haikuwa imewahi kufika makaburini.

"Bila, guka."

"Haya," akasema akiketi. "Endelea kutoka hapo."