Mibuni 60, Kura Moja

Siku ya mkutano mkuu wa chama cha msingi, baba alivaa koti lake la kanisani. Mimi nilibeba kigoda cha bibi jirani yetu, mjane, ambaye miguu haikumruhusu tena kusimama kwa muda mrefu. Bibi huyo alikuwa na mibuni 60 tu, imebanana na migomba nyuma ya nyumba yake. Mbele yetu alikaa mzee mwenye mibuni zaidi ya 2,000. Ulipofika wakati wa kuchagua wajumbe wa kamati mikono ikainuliwa: wa mjane ukahesabiwa mmoja, na wa yule mzee mmoja. Hapo ndipo nilipoijua demokrasia, ndani ya ghala linalonuka magunia na mrututu, kwenye mteremko wa Kilimanjaro.

Vyama vikuu vya ushirika vilikuwa vimefutwa mwaka 1976, na viliporudishwa katikati ya miaka ya 1980 wazee walivipokea kama mtoto aliyetoroka nyumbani akarudi. Sisemi chama chetu kilikuwa cha malaika. Kidole cha karani kwenye mizani tulikifahamu, na malipo ya pili yaliweza kuchelewa mpaka mtu akasahau alikuwa anadai ngapi. Lakini karani alikuwa mtu wa kijijini. Ungeweza kusimama mbele ya watu ukamuuliza, na yeye angesimama ajibu, jasho likimtoka.

Bei, hata hivyo, haikutoka kwa karani. Hilo nililijua tangu utotoni, kwa sababu ya redio ya baba. Julai 1975 ilitangazwa kwamba baridi kali imeunguza mibuni huko Brazili, katika jimbo la Paraná. Nilikuwa na miaka sita. Wanaume waliokuja kusikiliza walicheka na kupeana mikono, maana walijua kahawa ikipungua kule, ya kwetu itatafutwa. Baba hakucheka. Alisema, "Wale nao wana watoto," kisha akapunguza sauti ya redio. Mwaka 1977 ratili moja ya kahawa ilipita dola 3 huko New York. Sehemu kubwa ya neema hiyo iliishia njiani, lakini kiasi kilichotufikia kilitosha kung'oa majani ya paa letu na kuweka mabati. Nimelelewa chini ya paa lililonunuliwa kwa msiba wa watu nisiowajua.

Julai 1989 nilikuwa nyumbani, nimemaliza kidato cha sita. Mavuno ndiyo kwanza yalikuwa yanaanza. Tulikuwa tukimenya kahawa kwa mashine ya mkono, tunaiosha kwa maji ya mfongo, mfereji wetu wa mlimani, na kuianika kwenye vichanja, wakati mkataba wa kimataifa wa kahawa ulipokuwa unavunjika huko London. Kwa miaka mingi mkataba ule ulikuwa umezipangia nchi kiasi cha kuuza, ili bei isiporomoke. Safari hii wanachama hawakuelewana. Wanunuzi walitaka kahawa laini zaidi, aina ya arabika kama yetu, nao walilalamika kwamba nchi zisizo wanachama zinauziwa kwa bei ya chini. Brazili haikukubali kupunguziwa fungu lake. Tarehe 4 Julai migao ikasimamishwa, kila nchi ikamwaga sokoni ilichokuwa nacho ghalani, na katika miezi michache bei ya dunia ikashuka karibu nusu.

Kwenye ubao wa chama tarakimu haikutisha sana, kwa kuwa shilingi nayo ilikuwa inaporomoka. Ilitutisha dukani, tulipouliza bei ya mrututu. Bila dawa hiyo, ugonjwa wa chulebuni ulikula matunda yakiwa bado mabichi. Watu waliogopa kung'oa mibuni, maana tulikuwa tumeambiwa kuwa ni kosa, basi waliiacha tu. Migomba ikaifunika, na kwenye nafasi zilizobaki yakapandwa maharage na nyanya.

Nilipokuwa chuo kikuu Dar es Salaam niliupata mkataba wenyewe maktabani, nikasoma sehemu ya kura. Nchi zinazouza zilikuwa na kura 1,000 kwa pamoja, na zinazonunua kura 1,000. Kila mwanachama alianza na kura 5, nyingine zikagawanywa kwa kufuata wingi wa kahawa anayouza au kununua, na hakuna aliyeruhusiwa kupita 400. Niliporudi likizo nilimsomea baba. Alikuwa anapanga vichanja upya, akasimama.

"Kwa hiyo yule wa mibuni 2,000 ndiye mwenye mkutano?"

"Ndiyo, baba."

"Na bibi yako wa mibuni 60?"

"Anakaa nyuma."

"Lakini yumo?"

Nilikuwa nimerudi na hasira za mwanafunzi. Nilitaka kumweleza kuwa hata katika Shirika la Fedha la Kimataifa kura hufuata fedha, na kwamba Mwalimu Nyerere aliwahi kuwauliza mabalozi, mwanzoni mwa 1980, ni tangu lini shirika hilo limekuwa wizara ya fedha ya dunia. Swali la baba lilinikatiza. Mkutano ule wa London ulikuwa na upendeleo wa wazi, lakini kiti chetu kilikuwamo, hata kama ni cha nyuma. Baada ya 1989 hapakuwa tena na mkutano wa kupanga migao. Ilibaki bei ya New York, nayo haina karani wa kumsimamisha. Mpaka leo naona kosa letu sisi wasomi lilikuwa kuutukana mkutano mbaya bila kufikiri kitakachofuata ukivunjika.

Mwaka 1994 baridi ilipiga Brazili tena, Juni na Julai. Bei ikapanda kwa kishindo. Wakati huohuo serikali ilikuwa imeruhusu wanunuzi binafsi, nao wakaja na mizani zao kando ya barabara, na fedha taslimu mkononi. Mjane alikuwa ameshafariki. Vijana wa kijiji walishangilia kama baba zao walivyoshangilia zamani.

Baba alizima redio, akachukua fimbo yake, akaingia kihambani kuhesabu mibuni iliyobaki chini ya migomba. Alirudi giza limeingia. Ilikuwa 41.