Skrini Haikuwa na Kosa



Parokia yetu ilipopewa kompyuta mpya, sisi ndio tuliokabidhiwa kuitayarisha kwa ajili ya orodha za wakatekumeni. Ilikuja na mfumo wa kisasa. Tukaufuta, tukaweka Windows 7, mfumo uliotoka mwaka 2009, kwa sababu moja tu: ndio tuliouzoea. Kijana mmoja wa kikundi alituambia kwa heshima, "Baba Mwalimu, mashine hii ni changa kuliko mfumo huo; huenda visielewane." Tulimnyamazisha mbele ya wenzake.

Kazi ilipokwisha, skrini iliwaka, lakini maandishi yalikuwa makubwa yenye ukungu, na maduara yalionekana kama mayai. Tulibadili waya, isifae kitu. Tuliazima skrini ya ofisi ya paroko, hali ikawa ile ile. Hapo tukatamka neno ambalo hadi leo linatuuma: kwamba kijana yule ndiye aliyeichezea mashine. Hakujibu. Jumapili mbili hakuonekana kikundini.

Ukweli tuliukuta katika orodha ya vifaa vya kompyuta. Mahali pa kifaa cha picha paliandikwa adapta ya VGA ya kawaida, maana yake mfumo haukukitambua kifaa kilichomo. Kati ya mfumo na kifaa hicho lazima iwepo programu ndogo ya kuviunganisha, ambayo mafundi wetu huiita piloti. Ikikosekana, kompyuta hutoa picha ya msingi tu, kwa mfano ya nukta 800 kwa 600, nayo huvutwa ili ijaze skrini pana. Tuliitafuta piloti kwa mtengenezaji. Alikuwa ameiandaa kwa mifumo mipya peke yake. Tena Microsoft yenyewe iliacha kuihudumia Windows 7 mwezi Januari 2020. Basi tukaurudisha mfumo wa kisasa, na maduara yakawa maduara.

Kosa lilikuwa letu. Jioni ile tulikwenda kwao, tukamwomba radhi mbele ya wazazi wake. Na kwa kuwa tulimwaibisha mbele ya wenzake, Jumapili tuliirudia toba hiyo mbele yao.

Katika Injili ya Mathayo, Bwana anasema juu ya mwandishi atoaye katika hazina yake vitu vipya na vya kale. Sisi tulitoa vya kale tu, kisha tukamtafuta wa kulaumiwa. Mwalimu naye hufundishwa, na mara nyingine mwalimu wake ni mwanafunzi.

Leo kijana yule ndiye mtunzaji wa kompyuta. Tunapokwama, tunamwita, naye huja.

Swali la kikundi: ni nani tuliyemlaumu kabla ya kuchunguza, na lini tutakwenda kwake?