Boma la Nani?

Saa kumi na moja na nusu alfajiri Kibaoni bado ni giza, lakini kituo kimeshaamka. Akina mama wawili wamekaa na ndoo za maandazi, vijana wa bodaboda wamejikunyata ndani ya makoti, na konda wa basi dogo anapanga magunia juu ya keria. Aliposikia tunaunganisha hadi Karema alicheka. "Kufuata migebuka?" Nikamwambia nakwenda kuangalia boma. "Boma la nani?" akauliza, kisha akageukia abiria mwingine kabla sijapata la kumjibu.

Nilikuwa na mjomba wangu, Mpimbwe wa kuzaliwa. Usiku uliotangulia, tukiwa tumekaa nje ya nyumba yake, nilimweleza kwa nini safari ya kwenda ziwani nimeitaka ianzie hapa. Juni 1880, katika nchi hii ya Mpimbwe, majeshi ya Mirambo, mtemi wa Urambo, yakishirikiana na ya mtemi Simba, yalivamia kijiji na kukiteketeza. Ndani ya kijiji walikuwamo Wazungu wawili, Frederick Carter na Cadenhead, pamoja na msafara wao. Wote wawili waliuawa, na watu wao wengi wakauawa pamoja nao. Carter alikuwa anatoka Karema. Mjomba alinyamaza kitambo. Jina la Mirambo analijua tangu utotoni. La Carter hakuwa amelisikia kamwe.

Basi likaingia Hifadhi ya Taifa ya Katavi jua likichomoza. Barabara kuu inapita katikati ya hifadhi, kwa hiyo msafiri wa kawaida, mwenye kuku wake chini ya kiti, anawaona twiga bila kiingilio. Madirisha yalifungwa haraka kwa sababu ya mbung'o. Mmoja alikuwa ameshaingia, akatua kwenye kioo karibu na uso wangu. Nilimtazama vizuri: wa kijivu, mbawa zimelaliana mgongoni kama makasi yaliyofungwa, mdomo umenyooka mbele kama sindano. Mjomba akampiga kwa kofia.

Mdudu huyu ndiye aliyewaleta ndovu wa Kihindi katika nchi ambayo tayari imejaa ndovu. Mwaka 1879 Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji aligharimia ndovu wanne waliofunzwa kazi, wakashushwa ufukweni Msasani pamoja na watunzaji wao, na Carter akapewa kuwaongoza hadi Ziwa Tanganyika. Hesabu ya mfalme ilikuwa nyepesi: mbung'o anaua ng'ombe na farasi, ndiyo maana kila mzigo wa bara unapanda kichwani mwa mtu. Ndovu wa kigeni wakimstahimili mbung'o, wa Afrika nao watakamatwa na kufunzwa kubeba. Safari iliwamaliza. Aliyefika Karema ni mmoja tu, jike aliyeitwa Pulmalla. Jina la mnyama huyo limeandikwa vitabuni. Majina ya wapagazi waliotembea naye kutoka pwani, wengi wao hayakuandikwa popote, na jambo hilo limekuwa likiniuma tangu nilipoanza kusoma habari hizi.

Sitalike tulishuka kunyoosha miguu. Viboko wamejazana mto Katuma, migongo imebanana kama mawe ya kuvukia. Eneo la hifadhi leo ni kilomita za mraba 4,471, na hifadhi yenyewe ilitangazwa mwaka 1974. Mpanda tulikula wali na maharage, tukabadilisha gari, tukaelekea magharibi. Njia ya Karema ni zaidi ya kilomita mia, na vumbi lake linaingia hadi kwenye meno.

Ziwa linajitokeza ghafla. Kwanza unadhani ni anga limeshuka, halafu unaona mtumbwi.

Boma la Karema lilijengwa mwaka 1879 na Kapteni Cambier, ofisa wa jeshi la Ubelgiji aliyetumwa na Jumuiya ya Kimataifa ya Afrika, chombo cha Leopold kilichojitambulisha kuwa cha sayansi na cha kupinga utumwa. Nilitarajia magofu. Nilikuta misheni: kanisa, watoto, mzee mmoja katekista aliyetupokea. Mjomba, ambaye naye ni mtu mzima, alimwamkia shikamoo, ndipo mzee akatutembeza taratibu na fimbo yake. Hapa hakuna uzio wala tiketi. Boma limehifadhika kwa sababu watu hawakuacha kuishi ndani yake. Mahali fulani mzee aliweka kiganja ukutani, akasema, "Huu ndio wa zamani." Nami nikaweka changu. Udongo ulikuwa wa baridi hata mchana ule, na kwenye ufa mmoja vipande vya majani makavu vilikuwa vikichungulia kutoka ndani ya tofali. Kuna mtu aliukanyaga udongo huu kwa miguu yake, akachanganya majani, akafyatua. Kapteni alichora ramani tu.

Na ramani yenyewe ziwa lilimgeuka. Cambier alichagua kilima kilichotazamana na maji. Lakini mto Lukuga, ng'ambo, kule ilipo Kalemie ya leo, ulikuwa umezibua mlango wake miaka hiyohiyo, na Tanganyika ikaanza kushuka. Wanajeshi wakawa wanatazama maji yakiwakimbia, yakiacha matope. Kapteni Ramaeckers, aliyemfuata Cambier, alifia hapahapa Februari 1882. Akaja Émile Storms. Huyu alivuka ziwa akajenga kituo cha Mpala, na Desemba 1884 watu aliowatuma walimuua mtemi Lusinga na kumkata kichwa. Fuvu likasafirishwa hadi Ubelgiji. Hiyo ndiyo kazi ya jumuiya iliyosema imekuja kukomesha udhalimu, na sioni namna ya kuisema kwa upole.

Mwaka 1885, baada ya mkutano wa Berlin, ufuko huu ukawa upande wa Wajerumani. Leopold hakuwa na haja nao tena; boma likakabidhiwa kwa wamisionari Wakatoliki, Mapadri Weupe.

Mzee hakutaka kukaa sana kwa makapteni. Alitaka kutusimulia habari za Daktari Atiman, na uso wake ulibadilika alipoanza. Adrian Atiman alizaliwa karibu na Timbuktu, akaibwa akiwa mtoto, akavushwa jangwa la Sahara, akauzwa. Mapadri walimnunua Algeria wakamwacha huru, akapelekwa Malta kusomea udaktari. Alifika Karema mwaka 1889, akamwoa Agnes, na akatibu watu hadi alipofariki mwaka 1956. Miaka 67. Leo hospitali mojawapo ya Sumbawanga inaitwa kwa jina lake. "Makapteni walikaa miaka miwili, mitatu," mzee alisema. "Yeye alikaa."

Jua lilipoanza kuinama tulishuka ufukweni. Wavuvi walikuwa wakipakua, na mjomba alinunua migebuka minne, akaifunga kwa ukindu, maana hawezi kurudi Kibaoni mikono mitupu. Konda yule nilikuwa nimemtafutia jibu safari nzima, na sasa nilikuwa nalo: la waliolifyatua, na la mtoto aliyeuzwa jangwani.

Mjomba alikuwa na swali lake. Alimgeukia mzee akauliza kwa sauti ya chini, "Wale waliokufa na huyo Carter, wapagazi wale, walizikwa wapi?"

Mzee alimtazama muda mrefu. "Wewe si umesema unatoka Mpimbwe?" alisema. "Basi wako huko kwenu. Labda mnalima juu yao."