Swali Lilikuwa Mpaka

Mimi ni msuluhishi wa magomvi ya mashamba hapa Kasongo, mashariki mwa Kongo, na njia ikipitika nafika hata Kabambare. Watu hudhani kazi yetu ni kumtambua mwongo. Ugumu hasa ni kuwazuia watu wasilikimbie swali lililowaleta barazani.

Wazee wawili waligombania bonde la mpunga. Mmoja alisema mpaka ni kijito; mwingine, michikichi mitatu iliyo ng'ambo yake. Tukamwuliza wa kwanza: aliyelima pale kabla yenu aliishia wapi? Akasimama, akaweka kofia yake sawa, akajibu: "Wazee wangu, babu ya huyu alifika hapa amebeba pembe za Waarabu. Leo ataniambia nini juu ya udongo?" Vijana wakashangilia. Yule mwenziwe akainamisha kichwa, na hakuna aliyekumbuka tena kwamba swali halikujibiwa.

Hila hiyo naichukia kuliko zote, na kwetu ina sumu ya pekee. Kasongo ilikuwa makao ya Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa, tangu miaka ya 1870, na jeshi la Leopold, mfalme wa Ubelgiji, liliiteka mwaka 1893. Wabangubangu, Wakusu, Wazimba, Wangwana: ukifukua koo zetu utakuta waliokuja na misafara, walioikimbia na waliouzwa. Kila mtu huchagua mwaka unaompa shamba, kisha anauita huo ndio mwanzo wa nchi. Na asili nayo hutungwa. Tippu Tip mwenyewe, katika habari za maisha yake alizoandika kwa Kiswahili, anasimulia jinsi alivyomwambia mtawala mzee wa Utetera kwamba wao ni ndugu, kupitia dada wa mzee huyo aliyetekwa zamani. Mzee alisadiki, akamwachia utawala.

Kuna pia wale wanaodai karatasi. Mama mjane anaambiwa, "Leta cheti," na anayesema hivyo naye hana. Sheria ya ardhi ya 1973 iliifanya ardhi yote kuwa mali ya serikali, na haki za mashamba ya kimila zikaachiwa amri ya rais iliyongojewa miaka na miaka. Kumdai mjane cheti kwa hali hiyo ni kumfunga mdomo tu. Nikilisema hilo, naulizwa: "Mzee, amekupa nini?"

Sijibu. Namwomba kila mmoja ayaseme madai ya mwenziwe, mpaka mwenyewe akubali: "Ndiyo, hivyo ndivyo nilivyosema." Wengi hukwama, kwa kuwa walikuwa wanapigana na maneno ambayo hayakusemwa. Kisha twaenda shambani, kwa miguu, pamoja na majirani wa pande zote. Ukisimama penye kijito, habari za babu aliyebeba pembe hazionyeshi mpaka. Pale bondeni aliyetuonyesha mahali palipoishia jembe zamani alikuwa bibi mmoja jirani ambaye barazani hakupewa nafasi hata ya kusalimia.

Hayo yanafaa watu wakiwa bado wanazungumza. Salamabila, katika Kabambare, kwenye dhahabu ya Namoya, ugomvi wa nani anufaike na mgodi ulishafikia bunduki. Ndiyo maana neno la kukwepa swali kama "wewe ni mgeni" siliachi lipite barazani, hata kama wanaogombana ni wawili tu na bonde lenyewe ni dogo.