Dawa ya Ukungu na Mibuni Yetu

Wakulima wanaoshuka kutoka Mbozi kuja kununua dawa hapa Tunduma hupenda kubishana: ipi bora, dawa ya asili au dawa ya dukani? Nimeonelea niandike kidogo juu ya jambo hili katika gazeti letu la muhula huu, kwa sababu wengi wetu tunaosoma hapa ni watoto wa wakulima. Madaftari tunayoandikia, sare tunazovaa na nauli za kurudi nyumbani hutoka katika kahawa, mahindi au ng'ombe. Ukungu ukishinda shambani, habari zake hufika mpaka bwenini.

Kwanza yafaa tumjue adui mwenyewe. Ukungu ni kiumbe hai, jamaa ya uyoga. Huzaa vijimbegu vidogo mno, navyo huchukuliwa na upepo, matone ya mvua, hata mikono na nguo zetu. Katika mibuni adui wakubwa ni wawili. Wa kwanza ni kutu ya majani, ambayo huonekana kama unga wa rangi ya machungwa chini ya jani, kisha jani hupukutika. Wa pili ni chulebuni. Huyu hushika matunda yangali mabichi, akaweka doa jeusi lililobonyea, na baadaye tunda hukauka na kuwa jeusi kama kaa. Chulebuni ilitambuliwa mara ya kwanza nchini Kenya mwaka 1922. Hupenda baridi na mvua za nchi za juu kama kwetu, na shamba lisilotunzwa laweza kupoteza zaidi ya nusu ya mavuno yake.

Miaka michache iliyopita chulebuni ilituingilia nyumbani. Jioni moja wazee wakakaa kushauriana. Babu, ambaye aliipanda mibuni ile kwa mikono yake, alisema, "Zamani tulitia majivu na mkojo wa ng'ombe, tukavuna. Dawa hizi za dukani zinaua ardhi." Baba mdogo akajibu, "Shikamoo baba, lakini adui mkali hupigwa kwa silaha kali. Tununue ile kali kuliko zote, tupulizie mara moja, yaishe." Mimi nilinyamaza, maana mtoto hakati maneno ya wakubwa. Ndipo babu aliponigeukia akasema, "Mjukuu wangu, wewe unayesoma, wasemaje?"

Nilimjibu kwa heshima kwamba kila mmoja alikuwa na nusu ya haki, nikamweleza habari ya mrututu. Katika miaka ya 1880, upande wa Bordeaux katika nchi ya Ufaransa, wenye mashamba ya mizabibu walikuwa wakinyunyizia mrututu na chokaa juu ya mizabibu iliyo kando ya njia, ili wapita njia waone uchafu ule wasiibe zabibu. Mtaalamu mmoja, Pierre-Marie-Alexis Millardet, akaona kwamba mizabibu ile ya kando ya njia ilibaki na majani yake, hali ile ya ndani ilikuwa imepukutika kwa ukungu. Akafanya majaribio, na mwaka 1885 akatangaza dawa yake. Mpaka leo dawa za jamii hiyo hupuliziwa mibuni.

Sasa angalieni namna inavyofanya kazi. Mrututu una shaba ndani yake. Shaba ile hukaa juu ya tunda na jani. Kijimbegu cha ukungu kikitua na kuanza kuota katika unyevu, shaba hukiua. Lakini ukungu ukiwa umekwisha kuingia ndani, shaba haiufikii tena. Kwa hiyo dawa hii ni ngao, si mkuki. Mtu hashiki ngao baada ya kuchomwa! Yampasa mkulima apulizie kabla ugonjwa haujaingia, wakati matunda yangali machanga, na arudie kwa kipimo na kwa siku alizoelekezwa, maana mvua huiosha.

Na je, shaba ni ya asili au ya kiwandani? Huchimbwa ardhini kwa jirani zetu wa Zambia, na malori yanayoibeba twayaona yakivuka mpaka hapa Tunduma. Salfa pia ni kitu cha asili, nayo ndiyo hupuliziwa mikorosho ya Mtwara na Lindi kuzuia ubwiri unga. Hata hivyo shaba haiozi. Mwaka baada ya mwaka hujikusanya katika udongo ikadhuru minyoo, na ikiingia mtoni huua samaki. Basi neno "asili" halina maana ya "salama". Mwarobaini na vitunguu saumu vinaweza kuzuia baadhi ya ukungu, lakini nguvu yake hukatika upesi kwa jua na mvua, na kipimo chake hubadilika kila mara vinapotwangwa.

Wala dawa kali si dawa ya milele. Zipo zinazopenya ndani ya mmea, na zinasaidia sana zikitumiwa kwa akili. Lakini huko Kenya, katika miaka ya 1970, wakulima wa kahawa walitumia mno dawa moja ya namna hiyo, iitwayo benomili, mpaka chulebuni ikaizoea na dawa ikashindwa.

Kanuni hii twaiona katika mifugo na katika ghala pia. Ndama akipata choa, manyoya hunyonyoka duara duara kichwani na shingoni, na anayemshika huambukizwa. Twaweza kumpaka iodini, lakini banda likibaki lenye giza na unyevu, na wazima wakiendelea kuchanganywa na wagonjwa, tutapaka bila mwisho. Na mahindi yakiota ukungu, sumukuvu ikishaingia, kuyapika hakuiondoi. Mwaka 2016 watu walikufa kwa sumu hiyo katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Hapo dawa ya kwanza ni jua: kuyakausha mahindi vema kabla ya kuyatia ghalani.

Basi bwana shamba alipokuja aliongeza neno la tatu, ambalo si la babu wala la baba mdogo. Alisema kwamba zipo aina za mibuni zinazostahimili chulebuni na kutu pia. Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania ilianza kuzitoa kwa wakulima mwaka 2005, nayo ina kituo chake Mbimba, huku huku kwetu Mbozi. Mibuni mikuukuu hukatwa visiki, na machipukizi yake hubebeshwa vikonyo vya aina mpya.

Shauri lilikuwa zuri, lakini gharama yake haikuwa ndogo. Sehemu inayokatwa hukaa misimu kadhaa bila mavuno ya maana, na mdogo wangu alikuwa karibu kuingia kidato cha kwanza. Tena mibuni ile ndiyo iliyomsomesha baba. Babu alifikiri siku tatu. Kisha akaamua tukate theluthi moja tu, na iliyobaki tuipogolee, tuokote matunda yote meusi tuyafukie, na tupulizie dawa ya shaba mapema. Kisiki cha kwanza alikikata mwenyewe, wala hakuruhusu mtu amsaidie. Mama alipanda maharage katika nafasi zilizokatwa, na maharage hayo ndiyo yaliyomnunulia mdogo wangu sare.

Mibuni mipya imeanza kuzaa. Mavuno yake bado ni machache, lakini matunda ni safi.

Ndugu zangu wanafunzi, likizo inakaribia. Mkitumwa dukani, msikubali dawa iliyomiminwa katika chupa ya soda isiyo na maandishi. Tafuteni kibandiko, tarehe ya mwisho wa matumizi na namba ya usajili wa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Wasomeeni wazee kipimo kilichoandikwa, na siku za kungoja kabla ya kuvuna. Apuliziaye avae glavu, afunike pua na mdomo, asielekee upepo, wala asioshe bomba mtoni. Na kabla ya kuuliza dawa ipi bora, ulizeni kwanza: shamba ni safi? Aina ya mbegu inastahimili? Wakati wa kupulizia umefika au umepita? Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Nasi tuliosoma tuwe wa kwanza kuuona ufa.